Lenzi Ndani ya Jicho, na Mkono wa Pili



Mwaka uliopita chama chetu kililetewa swali ambalo hatukulizoea. Dada yetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi na msomaji wa Neno la Mungu katika Misa, aliambiwa na daktari kwamba macho yake yangeweza kusaidiwa kwa kuwekewa lenzi ndogo ndani ya jicho lenyewe. Kazi hiyo ingefanyika Afrika ya Kusini. Jamaa yake ilikuwa imekusanya sehemu kubwa ya gharama kwa miaka mingi. Alituomba sala, na baada ya kusitasita alituomba pia msaada wa feza.

Tulilizungumza jambo hilo katika mikutano mitatu, na mawazo yetu hayakuwa mamoja. Tunaandika yale tuliyojifunza kwa ajili ya mashirika na vyama vingine vya parokia zetu, kwa sababu swali kama hili litabisha hodi kwao pia, ikiwa bado halijabisha. Ufundi wa madaktari unaendelea mbele, na mkristu anatakiwa kuufahamu kabla ya kuusifu ama kuukataa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Jicho la mtu mzima lina urefu wa karibu milimita 24 toka mbele hadi nyuma. Mwanga unaingia kwa konea, ile ngozi angavu ya mbele, unapita katika mboni, unapindishwa na lenzi ya asili, kisha unakusanyika juu ya retina, utando mwepesi wa nyuma unaopokea picha. Jicho likirefuka kupita kiasi, picha inakusanyika kabla ya kufika kwenye retina, na kila kilicho mbali kinafunikwa na ukungu. Hiyo ndiyo miopia. Madaktari wanaipima kwa dioptri, na ikifika dioptri 6 ama kuzidi wanaiita miopia kali. Hesabu yake ni nyepesi: ukigawanya sentimita 100 kwa idadi ya dioptri, unapata umbali wa mwisho ambao mtu anaweza kuona wazi bila msaada wa kitu chochote. Dada yetu alikuwa na dioptri 14. Ulimwengu wake ulio wazi uliishia sentimita saba mbele ya uso wake.

Miwani ilimsaidia, lakini kwa kiasi. Vioo vya nguvu namna hiyo vinakuwa vinene pembeni, vinafanya vitu vyote vionekane vidogo, na ukigeuza macho kando picha inapinda. Hata alipovaa miwani hakufikia kuona kama wenzake. Alipopita njiani bila kumwamkia mzee aliyekuwa upande wa pili, watu walisema ana kiburi. Na sisi sote tunajua uzito wa neno hilo katika mila zetu, ambamo salamu ndiyo mlango wa utu. Siku miwani ilipovunjika, alikaa nyumbani juma zima akingoja mingine, na watoto wa darasa lake walikaa bila mwalimu. Alijaribu pia lenzi zile zinazovaliwa asubuhi na kuvuliwa usiku. Zinadai maji maalumu ya kuzisafishia na mikono safi kila siku. Mahali ambapo bomba hukauka siku nyingi na vumbi la kiangazi halina mwisho, macho yake yaliingia uchafu na kuwa mekundu, na daktari alimkataza.

Wengine waliuliza: je, hakuna leza? Kweli, leza ipo, na imewasaidia wengi wenye miopia ndogo. Lakini leza inafanya kazi kwa kupunguza unene wa konea, na konea ni nyembamba: kwa wastani mikroni 540 tu, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Kila dioptri moja inadai kuondoa kati ya mikroni 12 na 15. Kwa dioptri 14, karibu mikroni 200 zingeondolewa, na juu yake bado kuna kifuniko cha karibu mikroni 100 ambacho daktari hukikata na kukiinua kabla ya leza kuanza. Kinachobaki hakitoshi kulibeba jicho kwa usalama. Konea inaweza kulegea na kuvimba kwenda mbele. Kwa sababu hiyo mwenye miopia kali mara nyingi huambiwa kwamba njia ya leza imefungwa kwake.

Ndipo inapokuja njia ya lenzi ya kupandikiza. Historia yake inafaa kujulikana, maana inaonyesha kwamba akili ambayo Mungu amempa mwanadamu hujifunza kwa uvumilivu, na mara nyingi hujifunza kwa machozi. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Harold Ridley, daktari wa macho huko Uingereza, aliwatunza marubani ambao vipande vya vioo vya plastiki vya ndege zao viliingia machoni. Aliona jambo la ajabu: vipande hivyo vilikaa ndani ya jicho bila kulichokoza. Miaka baadaye mwanafunzi mmoja, akitazama namna lenzi iliyoharibika kwa mtoto wa jicho inavyotolewa, alimwuliza kwa nini harudishi lenzi nyingine mahali pake. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' ya London, Ridley aliweka lenzi ya kwanza ya plastiki ile ndani ya jicho la mtu. Wakubwa wengi wa kazi yake walimpinga kwa miaka mingi. Leo mamilioni ya wazee wanaona kwa sababu ya swali la mwanafunzi yule.

Lenzi ya Ridley ilichukua nafasi ya lenzi iliyoharibika. Kwa mwenye miopia ambaye bado ni kijana jambo ni tofauti: lenzi yake ya asili ni nzima, nayo yafaa ibaki, maana ndiyo inayomwezesha kugeuza kuona kutoka mbali hadi karibu. Lenzi mpya inaongezwa mbele yake. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Italia na wa Hispania walijaribu kufanya hivyo, lakini lenzi za wakati ule ziliumiza chembe za ndani ya konea, na nyingi zililazimika kutolewa tena. Kazi hiyo iliachwa karibu kabisa kwa miaka mingi. Ilifufuka katika miaka ya 1980: Jan Worst wa Uholanzi alikuwa na lenzi inayojishika juu ya irisi, ule utando wenye rangi unaoizunguka mboni, na Svyatoslav Fyodorov wa Moscow alitengeneza lenzi inayokaa nyuma ya irisi, mbele tu ya lenzi ya asili.

Aina hiyo ya pili ndiyo aliyoelezwa dada yetu. Ni lenzi laini inayokunjwa na kuingizwa kwa tundu la karibu milimita tatu pembeni mwa konea, kisha inajikunjua yenyewe nyuma ya irisi. Jicho linatiwa ganzi kwa dawa ya matone, na kazi yenyewe haipiti nusu saa kwa jicho moja. Zamani ililazimu kutoboa matundu madogo katika irisi kusudi maji ya ndani ya jicho yaendelee kupita. Lenzi za siku hizi zina tundu katikati lenye upana wa milimita 0.36, na maji yanapita humo. Tena lenzi hiyo inaweza kutolewa. Leza ikiondoa nyama ya konea, nyama hiyo hairudi. Lakini lenzi iliyowekwa, daktari anaweza kuitoa ikiwa kuna shida, ama siku mtoto wa jicho atakapokuja na uzee.

Haya yote tuliyasikia kutoka kwa daktari wa macho wa mji wetu, aliyekubali kuja kutufundisha siku ya Posho alasiri. Baada ya hapo mazungumzo yalianza kweli.

Mama mmoja mzee wa chama alisema kwa upole kwamba Mungu ndiye aliyelifinyanga jicho, na kutia kitu kigeni ndani yake kulimtia hofu. Hakuna aliyemcheka. Tulifungua pamoja Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, ambamo mwenye hekima anafundisha kwamba daktari naye ameumbwa na Bwana, kwamba dawa zinatoka katika udongo ulioumbwa na Bwana, na kwamba mgonjwa anapaswa kusali na pia kumpa daktari nafasi yake. Tulimkumbuka Tobiti, mzee aliyepofuka kwa vidonda vyeupe vya macho. Malaika Rafaeli angeweza kumponya kwa neno tu. Lakini alimfundisha kijana Tobia kuchukua nyongo ya samaki na kuipaka machoni mwa baba yake. Mungu aliipitisha neema yake katika mkono wa mtoto na katika dawa inayouma. Katekista wetu alituambia pia kwamba Papa Pio XII, tarehe 14 Mei 1956, aliwapokea watu wa chama cha Italia cha wanaotoa konea zao baada ya kufa ili vipofu waone, pamoja na madaktari wa macho, na hakuona katika tendo hilo jambo la kumkosea heshima marehemu. Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi tuombee mkono wa daktari.»

Ndugu mwingine aliuliza swali gumu zaidi. Je, hili halikuwa jambo la urembo, la mtu kuichoka miwani yake? Na gharama yake, iliyokaribia mshahara wa mwalimu wa miaka miwili, haikuweza kununua miwani ya watoto wangapi? Swali hilo lilituweka kimya. Tulisoma Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288 na 2289. Inatufundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, na kwamba tunapaswa kuzitunza kwa busara, tukizingatia mahitaji ya wengine na manufaa ya wote. Mara tu baada ya hapo inatuonya tusiugeuze mwili kuwa sanamu ya kuabudiwa. Mafundisho hayo mawili yanakwenda pamoja, kama macho mawili katika uso mmoja.

Tukiwa na nuru hiyo tuliona kwamba dada yetu hakutafuta uzuri wa uso. Alitafuta kuona uso wa mtoto anayekaa nyuma darasani. Lakini tuliona pia kwamba feza ya chama ni feza ya wajane na ya wauza unga sokoni, wanaotoa sadaka yao franga kwa franga, na kwamba mtoto asiyeona ubao ana haki juu yake sawa na mwalimu wake. Hatukupata njia ya kulifuta upesi lolote kati ya mambo hayo mawili.

Kilichotusaidia kuamua kilitoka katika neno ambalo daktari alilirudia mara mbili, na ambalo wengi wetu hatukulitilia maanani tuliposikia mara ya kwanza. Alisema: lenzi itasahihisha kuona, lakini haitaliponya jicho. Jicho lililorefuka litabaki limerefuka. Retina yake imevutwa na kuwa nyembamba, kama ngozi ya ngoma iliyovutwa juu ya mzinga mkubwa kuliko kipimo chake. Mwenye miopia kali yuko hatarini zaidi kuliko wengine kwa retina kupasuka na kubanduka, kwa kuharibika kwa kitovu cha retina, kwa glakoma na kwa mtoto wa jicho wa mapema. Mtu huyo akiwekewa lenzi nzuri kuliko zote duniani, hatari hiyo inabaki palepale. Lenzi nayo inaongeza ulinzi wake: lazima kupima msukumo wa maji ya jicho, kutazama kama lenzi haiigusi ile ya asili, na kuhesabu chembe za ndani ya konea, ambazo zikifa hazizaliwi tena. Na akipita miaka arobaini hivi, atahitaji miwani ya kusomea kama sisi wengine.

Tafadhali, ndugu, tulizingatie jambo hili. Katika mji wetu kuna watu wengi wanaopenda ushuhuda wa haraka. Kuna mahali ambapo mgonjwa anaambiwa atupe miwani yake mbele ya umati ili aonyeshe imani, kisha anashikwa mkono kurudishwa nyumbani kwa sababu haoni njia. Hata kwetu, mtu akitoka kwa daktari na anaona vizuri, tunapiga makofi, tunatoa Misa ya shukrani, na kila mmoja anarudi kwa kazi zake. Aliyesaidiwa naye anaogopa kusema kwamba bado anatakiwa kwenda kupimwa, maana ataonekana kama anamkana Mungu aliyemponya. Hivyo anaacha kwenda. Siku moja anaona cheche za mwanga pembeni mwa jicho, ama madoa meusi mengi yanayoelea, ama kivuli kama pazia linaloshuka. Naye anangoja juma, anangoja mwezi, akidhani litapita. Retina iliyobanduka haingoji. Mtu aliyekuwa na macho mapya anaweza kupofuka katikati ya watu wanaomwimbia.

Hapo Injili ya Marko, sura ya 8, ilitufungukia kwa namna ambayo hatukuiona awali. Kule Betsaida walimletea Yesu kipofu. Bwana alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamtia mate machoni, akamwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Ni mahali pa pekee katika Injili ambapo Bwana anamwuliza mgonjwa matokeo ya kuponywa kwake. Yule mtu alijibu kwa ukweli: aliona watu, lakini walifanana na miti inayokwenda. Angeweza kusema kwamba anaona vizuri, kwa heshima ama kwa woga. Alisema alichokiona. Na Yesu hakukasirika, hakumlaumu kwa imani ndogo. Alimwekea mikono mara ya pili, na ndipo akaona vyote wazi.

Tunaposoma maneno haya tunapenda kuuliza kwa nini Bwana mwenye uwezo wote hakumaliza kazi kwa mara moja. Walimu wa Kanisa wamelijibu kwa namna nyingi. Sisi tunachukua humo fundisho dogo la kutufaa katika chama chetu. Mkono wa kwanza ni rahisi kuupenda. Una ajabu, una furaha, una watu wa kutazama. Mkono wa pili unatolewa na yule aliyebaki, aliyeuliza «Unaona nini sasa?» na aliye tayari kusikia jibu lisilopendeza. Tukitaka kumfuata Kristu katika kuwahudumia wagonjwa, tuwe watu wa mkono wa pili.

Kwa hiyo tuliamua hivi. Gharama ya lenzi na ya upasuaji ilibaki kwa jamaa, ambayo ilikuwa imejitayarisha. Chama kilijitwika kinachofuata: nauli na malipo ya kupimwa macho kila mwaka, kwa miaka mitano ya kwanza. Tulifungua daftari la pekee, na mweka hazina anatoa hesabu yake kila miezi mitatu. Ndugu wengine walilalamika kwamba tumechagua sehemu isiyo na sifa. Ni kweli, sehemu hiyo haina sifa.

Mambo hayakwenda kama tulivyopanga. Dada yetu alipofika kule, daktari alipanua mboni zake kwa dawa na kuitazama retina yote, kama inavyopasa kabla ya kazi ya namna hii. Katika jicho la kushoto alikuta mahali pembamba palipokwisha kuchanika kidogo. Hakuwa na maumivu, hakuwa ameona cheche yoyote. Walimwekea leza kuzunguka mahali hapo ili kupashikiza, na upasuaji ukaahirishwa hadi kidonda kishikane. Majuma hayo ya kungoja ugenini yalikula feza ya jamaa, kisha yakala ile tuliyoiweka kwa ajili ya miaka ya mbele. Tulichanga tena. Mama yule mzee aliyekuwa na hofu alileta bei ya debe moja la mahindi, akaomba jina lake lisiandikwe katika daftari. Hatukuliandika, wala hapa hatuliandiki.

Alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, na siku chache baadaye la pili. Aliporudi tulimwuliza anaona nini, na tulimwomba aseme kweli. Alisema kwamba asubuhi anaona saa ya ukutani kabla hajainua mkono kutafuta miwani. Alisema anawaona watoto wote wa darasa, na kwamba amegundua ni nani aliyekuwa akila karanga wakati wa somo la hesabu. Alisema pia kwamba usiku taa za magari zina duara za mwanga kuzizunguka, zikimsumbua akivuka barabara, na kwamba hapendi kutoka peke yake baada ya saa moja ya jioni. Duara hizo zimepungua tangu hapo, lakini hazijaisha. Tulilipokea jibu lote. Jumapili moja jioni anasindikizwa na huyu, nyingine na yule.

Mwaka wa kwanza umetimia. Alikwenda kupimwa, na mmoja wetu alimsindikiza, kwa sababu mtu aliyepanuliwa mboni haoni vizuri kwa saa kadhaa na mwanga unamwumiza. Msukumo wa maji ulikuwa mzuri, lenzi ilikaa mahali pake, mahali paliposhikizwa kwa leza palikuwa pameshikana, na hakuna mchaniko mpya ulioonekana. Mtu anaweza kusema kwamba tumelipa feza ili tuambiwe kwamba hakuna kitu. Ndivyo ilivyo, na tutalipa tena mwaka ujao, tukiomba tuambiwe hivyo hivyo.

Lakini swali la yule ndugu juu ya watoto halikufutika, na tunamshukuru kwa kutokuachia. Miopia kali mara nyingi huanza utotoni, na inaongezeka kadiri mtoto anavyokua. Kwa mtoto, msaada wa kwanza ni miwani yenye kipimo sahihi. Lenzi ya kupandikiza ni ya mtu mzima ambaye macho yake yametulia. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilitangaza kwamba watu wasiopungua bilioni moja wana shida ya kuona ambayo ingeweza kuzuiwa ama ambayo bado haijapata msaada. Wengi kati yao wanahitaji miwani tu.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa kila shirika jambo ambalo halidai feza nyingi. Katika ukumbi wa parokia, chama chetu kimebandika ukutani karatasi ya herufi za kupimia macho, na kimepiga mstari sakafuni kwa umbali wa mita sita. Kila Posho ya kwanza ya mwezi watoto wa katekisimu wanapita mmoja mmoja, wanafunika jicho hili, kisha lile. Hatuwatibu, maana sisi si madaktari. Anayeshindwa kusoma tunamwandikia barua kwa wazazi wake, na tunafuatilia kama amefikishwa kwa daktari wa macho. Dada yetu ndiye anayesimamia kazi hiyo. Tunawaomba pia wazazi na walimu wawaangalie watoto kwa upendo: yule anayekunja macho akitazama mbali, anayesogeza daftari karibu na pua, anayenakili kwa jirani kwa sababu ubao haumfikii, anayepita bila kuamkia. Kabla ya kumwita mvivu ama mwenye kiburi, tumwulize anaona nini.

Na ikiwa katika shirika lenu yuko mtu mwenye miopia kali, awe amewekewa lenzi ama bado, mkumbusheni kwamba akiona cheche, madoa mengi ya ghafula ama pazia katika jicho, aende hospitali siku ileile, hata kama ni siku ya harusi ama ya kilio. Msimwache aende peke yake.

Tarehe 13 Desemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Lusia, bikira na shahidi wa Sirakusa, ambaye jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mwanga, na ambaye wenye magonjwa ya macho wamemkimbilia tangu zamani. Mwaka huu, siku hiyo, baada ya Misa ya asubuhi, tutahesabu mbele ya wote feza ya daftari la macho na kuchanga kwa ajili ya mwaka wa pili. Kila anayetaka kuongeza mkono wake anakaribishwa.

Ee Bwana Yesu, uliyemshika mkono kipofu wa Betsaida na usimwache katikati ya njia, utufundishe kubaki karibu na wale uliotukabidhi. Mtakatifu Rafaeli Malaika Mkuu, uwasindikize wanaosafiri kutafuta afya. Mtakatifu Lusia, utuombee. Amina.